Kiungo Hakifunguki, Sauti Haisikiki: Kutatua Matatizo ya Google Slides

Mwongozo huu unawahusu walimu, wakufunzi na makatibu wa vikundi ambao wamekwisha kutengeneza slaidi zao za kwanza katika Google Slides, wakazituma, kisha wakapigiwa simu na mtu anayesema kwamba haoni kitu. Nimewaelekeza walimu wa sekondari kutumia programu hii, na katika vipindi hivyo lawama ya kwanza huangukia mtandao, ya pili huangukia kompyuta. Mtandao una makosa yake, nami nitayafikia. Hata hivyo, tatizo ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine yote hutokana na mwenye wasilisho kudhani kwamba ametuma faili, ilhali alichotuma ni anwani tu.

Anayeweka faili la PowerPoint kwenye flashi na kumpa mwenzake huwa amekabidhi kitu chenyewe: mpokeaji anacho mkononi, na mtoaji hawezi tena kumnyang'anya. Wasilisho la Google Slides halisafiri namna hiyo. Linabaki katika hifadhi ya mwenyewe, yaani Google Drive, na watu wote huja kulitazama palepale lilipo. Kiungo kinamwelekeza mgeni nyumba ilipo, lakini hakimfungulii mlango. Kwa hiyo, dalili yoyote ikijitokeza, uliza kwanza mambo matatu: faili hili ni la akaunti gani, anayelifungua ameingia kwa akaunti gani, na vitu vilivyowekwa ndani yake, kama vile sauti na video, vimehifadhiwa wapi.

Majina ya menyu nitayataja kwa Kiswahili. Anayetumia skrini ya Kiingereza atayatambua kwa mahali yalipo, kwa kuwa Faili ni menyu ya kwanza upande wa kushoto, na Shiriki ni kitufe kikubwa kilicho pembe ya juu kulia.

## Mpokeaji anaambiwa aombe ruhusa

Dalili ni ukurasa mweupe unaomweleza mpokeaji kwamba anahitaji ruhusa, wenye kitufe cha kuiomba. Akikibonyeza, amebisha hodi, na mwenye faili hupata hodi hiyo kwa barua pepe. Shida ni kwamba wengi wetu hatufungui barua pepe kila saa kama tunavyofungua WhatsApp, basi mgeni husimama nje mpaka kipindi kinakwisha.

Sababu ya kawaida ni kwamba wasilisho jipya huanza likiwa limefungwa, na haliwezi kuonwa na yeyote isipokuwa mwenyewe. Kunakili anwani iliyo juu ya kivinjari na kuibandika kwenye kundi la WhatsApp hakubadilishi chochote katika hali hiyo. Inambidi mwenye faili abonyeze Shiriki, ashuke hadi sehemu inayohusu ufikiaji wa jumla, aondoe hali ya kuzuia na kuchagua kwamba yeyote aliye na kiungo anaweza kufungua. Pembeni mwa chaguo hilo kuna jingine ambalo wengi hulipita bila kuliona, nalo linaamua mgeni atafanya nini akishaingia: kutazama, kutoa maoni au kuhariri. Kwa kundi kubwa chagua kutazama. Sababu yake itaonekana katika sehemu inayofuata.

Kabla ya kukituma kiungo kwa watu, kijaribu mwenyewe katika dirisha la faragha la kivinjari, ambalo katika Chrome hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Katika dirisha hilo hujaingia kwa akaunti yoyote, kwa hiyo Google inakuhesabu kuwa mgeni. Wasilisho likifunguka humo, mlango uko wazi, na malalamiko yatakayokuja baadaye yatafutwe upande wa mpokeaji. Lisipofunguka, rudi kwenye Shiriki. Jaribio hili halimalizi hata dakika moja, na kwa maoni yangu lingestahili kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya rangi na mapambo.

Mlango ukiwa wazi kwa watu walioalikwa kwa majina tu, sababu ya pili hujitokeza, nayo ni akaunti mbili. Mwalimu ana Gmail yake binafsi, na ana akaunti nyingine aliyopewa na chuo. Wewe umemwalika kwa anwani ya chuo, lakini simu yake imeingia kwa anwani binafsi, na Google haijui kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Tiba ni kubonyeza picha ndogo ya duara iliyo pembe ya juu kulia, kubadilisha akaunti na kufungua kiungo upya. Kwenye simu tatizo hili hujificha zaidi, kwa sababu kiungo kilichobonyezwa ndani ya WhatsApp kinaweza kufunguliwa moja kwa moja na programu ya Slides kwa akaunti iliyokuwa ikitumika humo, pasipo mwenye simu kuulizwa lolote. Anayelalamika, «Mwalimu, mimi si umeniongeza?» kwa kweli ameongezwa, ila amekuja kwa jina lingine.

Ipo pia sababu ambayo haiko mikononi mwa mtumaji wala mpokeaji. Msimamizi wa akaunti za taasisi anaweza kuzuia mafaili yasitoke nje ya taasisi hiyo. Utaitambua hali hii kwa kuwa orodha ya ufikiaji wa jumla inaonyesha jina la taasisi lakini haina chaguo la yeyote aliye na kiungo, au anwani ya nje inakataliwa unapoiandika. Usihangaike na vitufe. Mwombe msimamizi alegeze zuio, au pakua wasilisho kama PDF na kulituma hivyo, ikiwa yaliyomo yanaruhusiwa kutoka.

Mwisho kuna kiungo kilichoandikwa ubaoni kwa chaki. Anwani ya wasilisho ina msururu wa herufi na tarakimu unaozidi 40, na herufi kubwa hutofautishwa na ndogo. Darasa zima haliwezi kuinakili bila mtu kuchanganya sifuri na O. Chrome inaweza kutengeneza msimbo wa QR wa ukurasa wowote uliofunguliwa. Uweke huo kwenye slaidi ya kwanza, nao wenye simu wataupiga picha na kuingia.

## Slaidi zimevurugwa na hakuna anayekiri

Katika mafunzo fulani nilituma kiungo kwenye kundi la walimu zaidi ya 40 nikiwa nimeacha ruhusa ya kuhariri, kwa kuwa nilitaka watatu miongoni mwao wanisaidie kusahihisha lugha. Jioni nilipofungua, slaidi ya kichwa ilikuwa na majina na namba za shule, mchoro mmoja ulikuwa umehamia slaidi ya tisa, na mahali pa mada kulikuwa na neno «asante». Hapakuwa na mkorofi hata mmoja. Kila aliyeandika jina lake alidhani anajaza karatasi yake mwenyewe, kama ambavyo angefanya endapo ningewagawia karatasi.

Kilichokwisha kuharibika hurekebishwa kwa historia ya matoleo, inayopatikana ndani ya menyu ya Faili. Google Slides huhifadhi mabadiliko kadiri yanavyofanywa, na upande wa kulia utaona orodha ya nyakati pamoja na majina ya waliobadilisha. Chagua wakati uliotangulia uharibifu, utazame kwanza, kisha urudishe toleo hilo. Usiogope kwamba kazi iliyofanywa baada ya hapo itafutika, kwa sababu toleo lililorudishwa huwekwa juu ya mengine na hayo mengine hubaki katika orodha. Waliobadilisha bila kuingia kwa akaunti huonekana kama watu wasiojulikana, na hapo ndipo upelelezi unapokomea.

Ili yasijirudie, toa ruhusa ya kuhariri kwa majina ya watu wachache, na wengine wote wape ya kutazama. Ikiwa lengo ni kila mwanafunzi au mwalimu apate nakala yake ya kujaza, ipo njia ya mkato nzuri. Anwani ya wasilisho ina neno edit baada ya ule msururu mrefu wa herufi. Futa kuanzia neno hilo hadi mwisho wa anwani, uandike copy mahali pake, kisha utume kiungo hicho. Anayekifungua akiwa ameingia kwa akaunti yake ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala, na akikubali, nakala hiyo ni mali yake. Ya kwako haiguswi. Ukiandika present mahali pa copy, kiungo hufungua slaidi zikiwa tayari katika hali ya maonyesho, jambo linalowafaa wazee wa kamati wasiotaka kuona menyu nyingi.

## Unaliona wasilisho lakini huwezi kulihariri

Sababu nyepesi ni kwamba umepewa ruhusa ya kutazama tu, na hili hujulikana kwa kukosekana kwa vitufe vingi vya upau wa juu. Omba ruhusa au tengeneza nakala yako kwa menyu ya Faili, ikiwa mwenyewe hajazuia kunakili.

Kwenye simu mambo ni tofauti. Kivinjari cha simu huonyesha slaidi kwa kutazamwa tu na kukuelekeza upakue programu ya Google Slides, ambayo ni ya bure lakini inahitaji nafasi kwenye simu. Nimeona watu wakitumia robo saa wakivuta skrini huku na huku wakitafuta mahali pa kuandika. Ukikosa nafasi ya programu, waweza kuilazimisha Chrome ya simu ionyeshe ukurasa wa kompyuta kupitia vitone vitatu vya menyu, ingawa kuhariri kwa namna hiyo ni sawa na kushona kwa sindano ukiwa umevaa glavu. Programu ya simu yenyewe ina upungufu pia: inatosha kuandika maneno, kubadilisha picha na kupanga slaidi, lakini uhuishaji, yaani vitu vinavyotokea au kusogea kwenye slaidi, na mpangilio wa mandhari afadhali uvifanyie kwenye kompyuta.

Sababu ya tatu ni idadi. Google Slides huruhusu wasilisho moja lihaririwe kwa wakati mmoja kwenye vichupo (kurasa zilizofunguliwa katika kivinjari) au vifaa 100. Zaidi ya hapo, ni mwenye faili na baadhi tu ya wenye ruhusa wanaoweza kuendelea kuhariri, wengine hutazama. Ukumbi wa washiriki 150 unaoambiwa «fungueni nyote muandike» utapata dalili hii bila shaka yoyote, na watakaoachwa nje watadhani bando limeisha. Wagawe katika vikundi, kila kikundi na faili lake.

Sababu ya nne haitazamiwi kabisa, nayo ni kujaa kwa hifadhi. Akaunti ya bure hupewa GB 15, ambazo Gmail, Google Drive na Google Photos zinagawana. Tangu tarehe 1 Juni 2021 slaidi mpya nazo huhesabiwa, na tangu mwaka 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android zimeingizwa katika hesabu hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye mawasilisho matatu tu anaweza kukuta hawezi kuunda la nne, na wenzake hawawezi kuhariri yale yaliyopo, kwa sababu ya video za harusi zilizokuwa kwenye kundi la ukoo. Ingia katika hifadhi ya akaunti yako, panga mafaili kwa ukubwa, ufute makubwa yasiyohitajika, halafu umwage na pipa la taka, kwa kuwa vilivyomo ndani ya pipa bado vinahesabiwa.

## Faili la PowerPoint limebadilika sura

Walimu wengi hawaanzi na ukurasa mtupu. Wana mafaili ya PowerPoint ya miaka iliyopita na wanayapakia Drive. Hapo kuna hali mbili. Likifunguliwa huku lebo ndogo ya .PPTX ikionekana kando ya jina, faili bado ni la PowerPoint na linahaririwa likiwa hivyo. Ukienda kwenye Faili na kulihifadhi kama Google Slides, unapata faili la pili, na la kwanza linabaki. Kutojua hili ndiko kunakofanya watu wawili wahariri mafaili mawili yenye jina moja, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba hajafanya kazi. Kukubaliana mapema ni lipi linaloendelea, na kulipa jipya jina lenye tarehe, kunamaliza ugomvi.

Kugeuza kuna mpaka wa MB 100. Faili lililozidi hapo halitageuzwa, na kwa kawaida uzito wake unatokana na picha zilizopigwa kwa simu na kubandikwa zilivyo. Zipunguze ndani ya PowerPoint kwa amri ya kubana picha kabla ya kupakia.

Ama kuhusu maandishi yaliyoruka mistari na kutoka nje ya visanduku, hiyo ni fonti. Fonti iliyokuwa kwenye kompyuta ya awali ikikosekana Google, hubadilishwa kwa nyingine yenye upana tofauti, na herufi pana kidogo tu zinatosha kusukuma neno la mwisho kwenye mstari mpya. Tatizo hili huja pia kwa njia ya kurudi: umetumia fonti nzuri ya Google, umepakua kama PowerPoint, na kompyuta ya ukumbini haina fonti hiyo. Arial, Georgia, Verdana na Times New Roman hazinivutii sana kwa sura, lakini zinapatikana karibu kila mahali, na kwa wasilisho litakalohamahama ndizo ninazotumia. Madoido ya kuhama kutoka slaidi moja hadi nyingine na uhuishaji wa PowerPoint usio na mfano wake katika Slides hupotea au hugeuzwa kuwa sahili zaidi, basi pitia slaidi moja moja baada ya kugeuza.

## Sauti haisikiki au video haichezi

Tatizo hili lina tabaka kadhaa, na afadhali lifuatwe kwa mpangilio.

Anza na aina ya faili. Sauti inayowekwa ndani ya Google Slides lazima iwe tayari imehifadhiwa katika Google Drive, na iwe MP3 au WAV. Mwalimu wa lugha anayetaka kuweka sauti ya matamshi huirekodi kwa WhatsApp, kwa sababu ndiyo iliyo karibu, kisha hushangaa kwamba Slides haiioni. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp si MP3. Huhifadhiwa kwa muundo mwingine unaomalizikia na .opus, na virekodi vya simu nyingi hutoa .m4a. Geuza kwanza kuwa MP3 kwa programu kama Audacity au VLC, pakia Drive, ndipo uiweke kwenye slaidi.

Sauti ikicheza kwako lakini isicheze kwa mwenzako, rudi kwenye yale maswali matatu ya mwanzo. Slaidi ina mlango wake, na faili la sauti lina mlango wake. Kushiriki wasilisho hakushiriki MP3 iliyo ndani yake, wala video uliyoitoa Drive. Njia ninayoipendekeza ni kuunda folda moja yenye wasilisho, sauti na video, kisha kuweka ruhusa ya kutazama kwenye folda nzima, ili vilivyomo viirithi. Video ya YouTube haina taabu hii, mradi mwenyewe hajaifunga na mtandao wa mahali hapo haujazuia YouTube, jambo ambalo mitandao ya shule na maofisi hulifanya mara kwa mara.

Katika mkutano wa mtandaoni dalili hubadilika: washiriki wanaiona video ikienda lakini hawasikii. Sababu ni kwamba mwasilishaji ameshiriki dirisha bila sauti yake. Katika Google Meet, shiriki kichupo cha kivinjari chenye slaidi na uhakikishe kuwa sauti ya kichupo imeruhusiwa. Katika Zoom, weka alama kwenye kisanduku cha kushiriki sauti kabla ya kuanza. Ukumbini nako, waya wa HDMI ukichomekwa, kompyuta mara nyingi huhamishia sauti kwenye projekta, ambayo huenda haina spika au imezimwa sauti. Bonyeza alama ya spika kwenye upau wa chini wa Windows uchague spika za kompyuta au zile ulizounganisha.

## Mtandao umekatika katikati ya kazi

Google Slides haina kitufe cha kuhifadhi, na hili huwatia watu wasiwasi. Badala yake, tazama maneno au alama ya wingu karibu na jina la wasilisho: inaeleza kama kazi inahifadhiwa, imehifadhiwa, au inajaribu kuunganishwa. Kosa kubwa ni kufunga kichupo wakati inajaribu kuunganishwa. Kiache wazi mpaka mtandao urudi. Ulichoandika bado kimo ndani ya kichupo hicho.

Kufanya kazi bila intaneti kunawezekana, kwa masharti. Unahitaji Chrome au Edge pamoja na kiendelezi cha hati za Google za nje ya mtandao, unahitaji kuwasha hali hiyo katika mipangilio ya Drive ukiwa bado una mtandao, na haifanyi kazi katika dirisha la faragha. Kwenye simu, fungua vitone vitatu vya faili ndani ya programu uchague lipatikane nje ya mtandao. Neno la kushika hapa ni «ukiwa bado una mtandao»: aliyekumbuka hili ukumbini huku kipanga njia (ruta) kimezimika pamoja na umeme amechelewa. Tena, video za YouTube hazichezi bila intaneti hata slaidi zenyewe zikifunguka.

Kwa hiyo, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha mimi hupakua nakala mbili, PowerPoint na PDF, na kuziweka kwenye flashi. PDF hufunguka karibu popote na haibadilishi fonti, lakini ina hasara yake: kila slaidi huwa ukurasa mmoja tulivu, na vitu ulivyopanga vitokee kimoja kimoja vyote huonekana kwa pamoja. Swali lako likiwa na jibu linalotokea baada ya kubonyeza, darasa litaliona jibu kabla hujamaliza kulisoma swali. Tenga swali na jibu katika slaidi mbili.

Kuhusu bando: gharama kubwa haiko katika maneno bali katika picha unazopakia. Picha 30 za MB 5 kila moja ni MB 150. Slides hupokea picha za JPG, PNG na GIF zisizozidi MB 50, na huo ni mpaka mpana mno kwa slaidi yoyote ya darasani. Wenye hila zao hujitumia picha kwa WhatsApp, ambayo huzipunguza yenyewe zisipotumwa kwa ubora wa juu, kisha hutumia hizo zilizopungua.

## Projekta inaonyesha kitu tofauti

Slaidi mpya huwa na uwiano wa 16:9, na projekta nyingi za zamani ni za 4:3. Mistari myeusi juu na chini haina madhara. Ukijua mapema, badilisha ukubwa wa ukurasa katika menyu ya Faili kabla ya kupanga chochote, maana kubadilisha baadaye huvuruga mpangilio. Ikiwa ukutani kunaonekana mandhari tupu ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kunakili skrini. Ikiwa ni maelezo ya mwasilishaji, yale unayojiandikia chini ya slaidi, yanayoonekana ukutani, umeliburuta dirisha la mwasilishaji kwenye skrini isiyo yake. Lirudishe kwenye kompyuta na dirisha la slaidi lipeleke ukutani.

## Watu wanaona usichotaka waone

Tatizo hili halina dalili mpaka mtu akuambie, na ndiyo maana ninalichukulia kwa uzito kuliko fonti na projekta. Aliyepewa ruhusa ya kutazama tu anaweza kusoma maelezo ya mwasilishaji yaliyo chini ya slaidi. Kama uliandika humo kwamba mwanafunzi fulani asiulizwe swali mbele ya wenzake, mwanafunzi huyo anaweza kuyasoma. Aliyepewa ruhusa ya kuhariri huona zaidi, kwa kuwa historia ya matoleo iko wazi kwake. Ukitengeneza slaidi za kikao cha wazazi kwa kufuta jedwali la alama kutoka faili la walimu, jedwali hilo bado limo katika historia.

Tiba ni kutengeneza nakala kutoka menyu ya Faili, kufuta maelezo ya mwasilishaji ndani ya nakala hiyo, kisha kushiriki nakala. Nakala mpya huanza na historia yake mwenyewe, bila ya zamani. Kuchapisha kwenye wavuti ni jambo jingine kabisa na kushiriki kiungo: kilichochapishwa kiko wazi kwa umma, na mabadiliko unayoyafanya baadaye yanaendelea kuonekana huko mpaka usitishe kuchapisha. Kwa picha na alama za wanafunzi, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. «Nilisahau kuzima» haitamsaidia mwalimu mbele ya mzazi aliyekwisha kuiona picha ya mwanawe mahali asipoitarajia.

## Faili limetoweka

Tafuta kwanza kwa neno lililomo ndani ya slaidi, kwa kuwa utafutaji wa Drive husoma hata maandishi ya ndani, na mafaili mengi yanayosemwa kuwa yamepotea yamebadilishwa jina tu au yamo katika akaunti ile nyingine. Kisha tazama pipa la taka, ambako faili hukaa siku 30 kabla ya kufutwa moja kwa moja.

Faili ulilokuwa umeshirikishwa ni la mwenyewe, wala si lako, hata kama slaidi 20 kati ya 25 umeziandika wewe. Mwenyewe akilifuta, au taasisi ikiifunga akaunti yake baada ya kuhama kituo, linaweza kuondoka pamoja naye. Mwenzako akikuambia kwamba amepata uhamisho, mpongeze, kisha siku hiyo hiyo fungua kila wasilisho mlilotengeneza pamoja na utengeneze nakala katika akaunti yako. Usisahau MP3 zilizo ndani yake: nakala ya slaidi itaendelea kuzitafuta katika Drive ya aliyehama, basi zipakue, uzipakie kwako na kuziweka upya.